Kiumbe Wangu Alishakufa: Gharama za Nyongeza katika Magic: The Gathering

Rafiki yangu aliniteremshia Lightning Bolt. Mana moja nyekundu, madhara matatu, na mlengwa alikuwa kiumbe wangu wa pekee aliyebaki mezani. Sikubisha. Nililaza ardhi yangu moja nyeusi, nikaweka Village Rites juu ya kadi yake, nikamtoa kiumbe yule kafara mwenyewe, kisha nikanyoosha mkono niokote kadi mbili. Akanishika mkono.

"Subiri kwanza, ndugu yangu. Umetaja Village Rites, sawa. Lakini kabla hujamtoa huyo kiumbe, na mimi naongeza Bolt ya pili. Afe kwanza, halafu tuone hiyo kafara utaitoa wapi."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Wote wawili tulikuwa na miaka kadhaa kwenye mchezo huu, na kila mmoja aliapa kwamba yuko sahihi. Jibu lenyewe ni fupi: hiyo "kabla" aliyoitaka haipo. Ila ukielewa kwa nini haipo, umemaliza karibu nusu ya ugomvi wa mezani, kwa sababu ugomvi mwingi unatokana na watu kuchanganya kile unacholipa ili uchawi uwepo na kile ambacho uchawi unafanya ukishakuwepo.

Kwa asiyeujua mchezo: Magic: The Gathering ulitoka Marekani mwaka 1993. Aliyeubuni ni Richard Garfield, mtu wa hisabati, na kampuni ya Wizards of the Coast ndiyo iliyouchapisha. Kila mchezaji ana deki yake na pointi 20 za uhai, na kila kadi isiyo ardhi ni uchawi unaorushwa kwa kulipia mana. Mana hutoka hasa kwenye ardhi: unailaza kadi ya ardhi kiubavu, inakupa mana moja ya rangi yake. Rangi ni tano, yaani nyeupe, bluu, nyeusi, nyekundu na kijani. Uchawi uliorushwa haufanyi kazi papo hapo. Unakaa kwanza kwenye rundo, na kila mchezaji anapata zamu ya kujibu kwa kuweka uchawi wake juu. Rundo linashughulikiwa kutoka juu kwenda chini. Aliyeingia mwisho ndiye wa kwanza kutimia.

Kadi hizi hazichapwi kwa Kiswahili, kwa hiyo maneno ninayotumia hapa ni ya mezani kwetu. Ingawa ukipekua toleo la Mirage la mwaka 1996, lenye nchi ya kubuni iliyovalishwa sura ya Afrika, utakuta kadi zenye majina Shauku, Zuberi na Mtenda. Kamusi yetu ilifika mahali.

Bei ya pembeni

Juu kulia kwa kila kadi kuna alama za mana. Hiyo ndiyo bei ya kawaida. Tarakimu ndani ya duara la kijivu maana yake mana ya rangi yoyote kwa idadi hiyo. Alama yenye rangi inadai rangi hiyo hiyo. Village Rites ina alama moja nyeusi tu. Anayeisoma harakaharaka anaona mana moja kwa kadi mbili, anadhani ameokota dodo chini ya mwarobaini.

Asome maandishi ya chini. Sentensi ya kwanza inasema: kama gharama ya nyongeza ya kurusha uchawi huu, toa kiumbe mmoja kafara. Ya pili inasema: okota kadi mbili. Zimeandikwa kwa wino mmoja, zimefuatana, lakini zinaishi katika nyakati mbili tofauti. Ya kwanza inatimizwa wakati unarusha. Ya pili inasubiri mpaka uchawi ufikiwe kwenye rundo, na huenda isifikiwe kabisa.

Njia rahisi ya kuiona tofauti hii ni kuziweka kando kwa kando kadi mbili nyekundu ambazo wanaoanza huziona kama pacha. Tormenting Voice inagharimu mana mbili, moja nyekundu na moja yoyote. Gharama yake ya nyongeza ni kutupa kadi moja kutoka mkononi, kisha unaokota mbili. Faithless Looting inagharimu mana moja nyekundu. Unaokota mbili, kisha unatupa mbili. Zote zinaokota, zote zinatupa. Mtu atasema ni hesabu tu.

Sasa chukulia mkononi umebakiwa na kadi moja tu. Ikiwa ni Faithless Looting, irushe bila wasiwasi: utaokota mbili, halafu utatupa hizo hizo ukipenda. Ikiwa ni Tormenting Voice, umekwama nayo. Ukianza kuirusha, yenyewe inahamia kwenye rundo, mkono unabaki mtupu, huna cha kutupa. Na asiyeweza kulipa gharama harushi. Huwezi kusema utatupa mojawapo ya zile utakazookota, maana hizo hazijaja bado.

Chukulia tena kwamba mpinzani ana Counterspell, mana mbili za bluu, uchawi unaobatilisha uchawi. Akiibatilisha Looting yako, umepoteza kadi moja, yaani Looting yenyewe. Hukuwahi kufika kwenye kutupa. Akiibatilisha Tormenting Voice, umepoteza mbili, kwa sababu ile uliyoitupa ilishakwenda makaburini, yaani kwenye fungu la kadi zilizokwisha kutumika, wakati unalipa, na hairudi. Ni kama migahawa ile ya kulipia tokeni dirishani kabla ya chakula: sahani ikimponyoka mhudumu njiani, wewe ulishalipa. Tofauti ni kwamba kwenye Magic hakuna meneja wa kumlalamikia.

Kwa nini hakuna "kabla"

Kurusha uchawi kunaonekana mezani kama kitendo kimoja, lakini kitabu cha kanuni kinakivunja hatua kwa hatua, na mpangilio wa hatua hizo ndio unaoamua kesi kama yangu na rafiki yangu.

Kwanza kadi inatoka mkononi na kuwekwa kwenye rundo. Pili unatangaza uamuzi wote unaohusu namna utakavyoirusha: kama kuna gharama ya hiari utailipa au la, kama kuna herufi X kwenye bei itakuwa ngapi, kama kuna njia mbadala ya kulipa utaichukua au la. Tatu unachagua walengwa. Nne mchezo unakagua kama unachofanya kinaruhusiwa. Tano inapigwa hesabu ya jumla, na ikishapigwa inafungwa. Kitu kikibadilika baada ya hapo, bei haisogei. Sita unapewa nafasi ya kuzalisha mana. Saba unalipa kila kitu, mana, kafara, kadi za kutupa, uhai, kwa utaratibu unaoupenda mwenyewe. Hapo ndipo uchawi unahesabiwa kuwa umerushwa.

Katika safari yote hiyo hakuna anayepewa zamu ya kujibu. Hakuna hata mmoja, wewe mwenyewe ukiwemo. Mpinzani anapata nafasi ya kufungua mdomo mwishoni tu, na wakati huo kiumbe wangu alishakufa. Bolt yake ya pili ilikuwa halali kabisa kurushwa, ila si kwa maiti. Ile ya kwanza nayo, zamu yake kwenye rundo ilipofika, haikumkuta mlengwa wake, ikaenda makaburini bila kufanya lolote. Nilipata kadi mbili kwa kiumbe ambaye angekufa tu. Ndiyo maana wachezaji wa rangi nyeusi hupenda kadi za namna hii: zinageuza hasara iliyokwisha kuonekana kuwa malipo.

Ukiishia katikati ukagundua huwezi kulipa, kila kitu kinarudishwa kama ambacho hakikuanza: kadi inarudi mkononi, ardhi ulizolaza zinainuliwa.

Hatua ya sita na ya saba zina utamu wake. Natural Order ni uchawi wa mana nne, mbili za kijani na mbili zozote, na gharama yake ya nyongeza ni kutoa kafara kiumbe wa kijani. Ukilipa, unapekua deki yako, unamchukua kiumbe yeyote wa kijani na kumweka mezani moja kwa moja, hata yule jitu ambaye kwa kawaida ungemsubiri mpaka raundi ya nane. Sasa fikiria ni raundi yako ya tatu, una ardhi tatu na Llanowar Elves mmoja aliyekuwepo tangu raundi iliyopita. Llanowar Elves akilazwa hutoa mana moja ya kijani. Unatangaza Natural Order. Hesabu inakuja mana nne na kafara moja. Kwenye hatua ya kuzalisha mana unalaza ardhi tatu na huyo Elves, mana nne zimetimia. Kwenye hatua ya kulipa unamtoa kafara Elves yule yule. Kiumbe mmoja amelipa mara mbili, kwa jasho na kwa roho. Mara ya kwanza kufanyiwa hivi nilidhani naibiwa.

Na kwa kuwa kafara ni malipo, hailengi mtu. Kiumbe mwenye kinga ya kutolengwa anatolewa kafara kama mwingine yeyote. Kinga yake inahusu kulengwa, na wewe hukumlenga, umemtumia.

Hesabu

Jumla ya gharama inapigwa kwa mpangilio mmoja usiobadilika. Unaanza na bei ya pembeni, au njia mbadala kama umeichagua. Unajumlisha nyongeza zote: zilizo kwenye kadi yenyewe, ulizojitakia, na zinazolazimishwa na kadi nyingine mezani. Baada ya hapo unatoa punguzo. Mwisho kabisa, kama Trinisphere ipo mezani imesimama wima, inaangalia matokeo: uchawi ambao ungegharimu chini ya mana tatu unagharimu tatu.

Tuipige kwa kadi halisi. Burst Lightning inagharimu mana moja nyekundu na inapiga madhara mawili. Ina gharama ya hiari ya mana nne zozote. Ukiilipa, inapiga manne. Mpinzani wako ana Thalia, Guardian of Thraben, ambaye kila uchawi usio wa kiumbe anaupandishia mana moja. Wewe una Goblin Electromancer, ambaye anakupunguzia mana moja kwenye uchawi wa aina hii. Ukiirusha na nyongeza yake: moja nyekundu, jumlisha nne, jumlisha moja ya Thalia, toa moja ya Electromancer. Jumla mana tano, moja ikiwa nyekundu. Bila nyongeza: moja nyekundu, jumlisha moja ya Thalia, toa moja. Inabaki moja nyekundu.

Kuna mtego hapa. Thalia akifa, wengi hudhani Burst Lightning bila nyongeza sasa ni ya bure, kwa kuwa Electromancer anatoa moja na bei ni moja. Haiwi hivyo. Punguzo la namna hii linakula mana ya rangi yoyote tu, yaani ile ya tarakimu. Alama yenye rangi halina meno ya kuitafuna. Thalia alipokuwepo, kile kilichopunguzwa kilikuwa ile mana moja aliyoiongeza yeye. Alipoondoka, punguzo halikuwa na cha kushika. Kwa hiyo bei ni ile ile moja nyekundu, awepo asiwepo.

Irudishe Thalia, ondoa Electromancer, weka Trinisphere. Bei ni moja nyekundu jumlisha moja, zinakuwa mbili. Trinisphere inaona mbili ni chini ya tatu, inazipandisha kuwa tatu. Si nne. Trinisphere haijumlishi, inaweka sakafu, na sakafu inawekwa baada ya kila kitu kingine kutulia.

Mpangilio wa hatua unaeleza pia kwa nini walengwa huchaguliwa kabla ya hesabu. Terror of the Peaks ni joka jekundu lenye nguvu tano, na mpinzani wa mwenye joka hilo akirusha uchawi unaolilenga, gharama inapanda kwa pointi tatu za uhai. Mchezo ungejuaje kama nyongeza hiyo inahusika pasipo kujua kwanza umelenga nani? Mwenye uhai wa pointi mbili hawezi kulilenga joka hilo kabisa. Mwenye tatu kamili anaruhusiwa kulipa. Atashuka hadi sifuri na kushindwa mchezo kabla uchawi wake haujatimia, lakini kanuni haimzuii mtu kujimaliza.

Nyongeza unayojitakia

Ile gharama ya hiari ya Burst Lightning ina jina lake kwenye kadi: Kicker. Mezani tunasema kika. Ilianza na toleo la Invasion mwaka 2000, na naiona kuwa moja ya fikra bora zilizowahi kuingia kwenye mchezo huu, kwa sababu inaipa kadi moja kazi mbili: mapema ni ndogo na nafuu, baadaye ni kubwa na ghali.

Mfano wa zamani ni Kavu Titan. Kavu hapa ni jina la aina ya mnyama wa kubuni, msomaji asitafute ukame. Bei yake ni mana mbili, na anaingia mezani akiwa na nguvu mbili na ustahimilivu wa mbili. Kika yake ni mana tatu. Ukiilipa anaingia na vihesabio vitatu vya kumkuza, anakuwa wa tano kwa tano, na akizuiwa na kiumbe mdogo madhara yanayozidi yanampita na kumfikia mchezaji.

Swali linalowashinda wengi: Kavu Titan aliyelipiwa mana tano, ana thamani ya mana ngapi? Mbili. Thamani ya mana husomwa kwenye alama za pembeni, haisomwi kwenye pochi yako. Ukienda kibandani ukaagiza chipsi zege na kuongeza mishkaki mitatu, utalipa zaidi, lakini ubao wa bei ukutani unaendelea kusema bei ile ile ya chipsi zege. Na hili linauma mezani, maana kuna kadi iitwayo Spell Snare, mana moja ya bluu, inayobatilisha uchawi wenye thamani ya mana mbili. Umekusanya ardhi tano, umelipa zote kwa ajili ya jitu lako, mpinzani analaza ardhi moja na kulifuta. Kulipa zaidi hakukukinga.

Upande wa pili wa sarafu ni Everflowing Chalice, kifaa chenye bei ya sifuri na kika inayoweza kulipwa mara nyingi utakavyo, mana mbili kila mara. Ukiirusha kwa mana sita, inaingia na vihesabio vitatu, na baadaye ukiilaza itakupa mana tatu. Thamani yake inabaki sifuri.

Kabla ya kika kulikuwa na Buyback, mwaka 1997, katika toleo la Tempest. Ukilipa nyongeza yake, uchawi ukitimia hauendi makaburini bali unarudi mkononi kwako. Capsize ndiyo iliyoipa sifa mbaya: mana tatu, mbili zikiwa za bluu, inarudisha kadi yoyote iliyo mezani mkononi mwa mwenyewe. Ongeza mana tatu na Capsize nayo inarudi kwako. Mtu mwenye ardhi sita anaweza kukurudishia ardhi yako moja kila raundi mpaka uombe kuondoka. Tumaini lako liko kwenye neno "ukitimia". Capsize ikibatilishwa haijatimia, kwa hiyo inakwenda makaburini pamoja na mana zote sita alizolipa. Subiri alipe, ndipo ujibu.

Bure isiyo bure

Omniscience inagharimu mana kumi, na ikikaa mezani unarusha uchawi kutoka mkononi bila kulipa bei ya mana. Wanaoipata mara ya kwanza husoma "bila kulipa" wakaishia hapo. Kilichofutwa ni bei ya pembeni peke yake. Village Rites chini ya Omniscience haidai mana, lakini kafara inadai vile vile; huna kiumbe, hurushi. Thalia wa mpinzani bado anadai moja yake kwa uchawi usio wa kiumbe. Kika ya Burst Lightning unaweza kuilipa ukitaka, mana nne kutoka mfukoni mwako. Na kadi yenye X kwenye bei yake, X inakuwa sifuri, kwa kuwa hukulipa chochote cha kuijaza.

Hii ndiyo tofauti ya njia mbadala na nyongeza. Njia mbadala inakaa mahali pa bei ya pembeni, na kiti hicho ni cha mtu mmoja. Force of Will ya mwaka 1996 inagharimu mana tano, lakini unaruhusiwa badala yake kulipa pointi moja ya uhai na kuipeleka uhamishoni, yaani nje kabisa ya mchezo, kadi nyingine ya bluu iliyo mkononi mwako. Huwezi kuunganisha njia hiyo na ya Omniscience, chagua moja. Nyongeza hazina kikomo hicho, zinapandana moja juu ya nyingine, na zinamfuata hata aliyepita mlango wa bure. Ukirusha Force of Will kwa njia ya uhai huku Trinisphere imesimama, utalipa uhai, utaipoteza kadi ya bluu, na bado utatoa mana tatu.

Wachezaji wa Commander, ule mtindo wa kadi 100 ambapo kiumbe mmoja maarufu ni kiongozi wa deki, wanalipa nyongeza bila kuiita hivyo. Kila unapomrusha kiongozi wako kutoka kwenye makao yake, bei inapanda mana mbili kwa kila mara uliyowahi kumrusha kutoka huko katika mchezo huo. Mara ya pili mbili zaidi, mara ya tatu nne. Tunaita kodi, na kwa kanuni ni gharama ya nyongeza kama nyingine zote, kwa hiyo hata ukipata ruhusa ya kumrusha bila bei ya mana, kodi inabaki palepale.

Vinavyofanana navyo

Convoke, iliyoanza mwaka 2005, inakuruhusu kulaza viumbe wako kusaidia kulipia uchawi, kila kiumbe akilipia mana moja. Watu huiita punguzo, wengine njia mbadala. Si hiki wala kile. Haigusi hesabu hata kidogo. Inaingia baada ya jumla kufungwa, kama namna ya kulipa tu. Ndiyo maana Trinisphere haiisumbui: bei ikisema tatu, viumbe watatu wanaweza kuimaliza. Hata kiumbe aliyeingia mezani raundi hii hii anaruhusiwa kulazwa kwa kazi hiyo.

Ward, ya mwaka 2021, inafanana sana na joka letu la Terror of the Peaks, na hapa hata wakongwe huteleza. Ukimlenga kiumbe wa mpinzani mwenye Ward, uchawi wako unabatilishwa usipolipa kiasi kilichotajwa. Lakini deni hilo linazaliwa baada ya uchawi kurushwa. Unaweza kumlenga ukiwa huna hata senti, uchawi ukahesabika umerushwa, kisha ukakubali ubatilishwe. Kwa nini mtu afanye hivyo? Kwa sababu deki nyingine zinaishi kwa kuhesabu uchawi uliorushwa, hazijali kama ulitimia. Joka halikupi mwanya huo: hulipi, hurushi.

Nakala nazo. Twincast hunakili uchawi ulio kwenye rundo, na nakala hairushwi, inatokea tu, hivyo haidai gharama yoyote. Lakini inarithi uamuzi wa mwenzake. Uchawi uliolipiwa kika, nakala yake inahesabiwa ina kika. Fling, ambayo kafara yake ni kiumbe na madhara yake ni nguvu aliyokuwa nayo kiumbe huyo, ikinakiliwa inampiga mtu kwa nguvu za marehemu yule yule mara ya pili. Kafara moja, mapigo mawili.

Rafiki yangu, yule wa Bolt mbili, wiki iliyofuata alikuja na deki ya bluu. Nilikuwa na Blood Artist mezani, ambaye kila kiumbe akifa anamnyonya mchezaji pointi moja ya uhai na kunipa mimi, na kando yake kiumbe mdogo asiye na kazi. Nikaweka Village Rites, nikamtoa yule mdogo. Safari hii hakunishika mkono. Alisubiri kiumbe aende makaburini, akasubiri pointi ya Blood Artist ihesabiwe, yeye kutoka tisa hadi nane, mimi kutoka nne hadi tano, kisha akalaza ardhi mbili za bluu na kuweka Counterspell juu ya Village Rites yangu. Kiumbe amekwenda, kadi imekwenda, sikuokota kitu. Nilitaka kusema "subiri kwanza", nikaona aibu. Raundi mbili baadaye nilikuwa nimeshindwa.